Nairobi hadi New York: Mafunzo Niliyopata Safarini

Kila nikirudi nyumbani naulizwa: huko New York ni mbali kiasi gani? Kwa mstari wa moja kwa moja ni takriban kilomita 11,800. Lakini safari hii imenifunza kwamba kilomita hazimwambii msafiri anachohitaji kujua.

1. Ramani ya ukutani inadanganya. Ukiitazama, utadhani ndege itakata juu ya Kongo na kuingia Atlantiki. Kumbe kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi inaelekea kaskazini-magharibi, juu ya Sahara. Jangwa hilo huchukua saa nyingi kabla ya kuiona bahari.

2. Kwenda si sawa na kurudi. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama saa 14. Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma.

3. Ndege kuondoka usiku kuna maana. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Joto la mchana huifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hupaa vizuri zaidi kukiwa na baridi.

4. Soma tarehe ya tiketi mara mbili. Tiketi ikisema 00:40 Jumamosi, sisi huo twauita usiku wa Ijumaa. Shangazi yangu alikuwa amejipanga kwenda uwanjani Jumamosi jioni, na tulimwahi kwa sababu binti yake aliomba kuiona tiketi. Saa nazo zinachanganya: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi na saa 7 majira ya joto. Ukiondoka usiku wa manane unafika asubuhi ileile, na wanaokusubiri wanaweza kudhani umelala njiani saa chache tu.

5. Hesabu safari nzima. Kabla ya Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, ilikuwa lazima kubadilisha ndege, na wengi bado hufanya hivyo kwa sababu ya nauli. Kupitia Doha, kwa mfano, unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, kisha unavuka kilomita nyingine 10,800 hivi. Hata ukisubiri saa mbili tu, safari nzima inazidi saa 20. Kwa kijana si neno. Kwa mzee, nauli nafuu hiyo ni ghali.

6. Miguu ndiyo inayoumia. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu. Hakutaka kunisumbua niinuke, basi alikaa kimya saa baada ya saa. Tulipokaribia kutua viatu vilikataa kuingia. Akashuka kwa kandambili, leso kiunoni. Kukaa muda mrefu bila kusogea kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na hilo ni jambo la hatari.

Kwa hiyo ukimkatia mzazi wako tiketi, mwombee kiti cha kando ya njia, na umwambie waziwazi kwamba ana haki ya kuinuka na kutembea kila anapotaka.