Bingwa wa Mapafu na Wagonjwa Mahututi: Maelezo kwa Wanafunzi na Wazazi

Mtoto akisema anataka kuwa daktari, wazazi wengi humwona tayari akipasua au akitibu watoto. Bingwa wa mapafu hawamfikirii kabisa, mpaka ndugu yao aingizwe ICU, wodi ya wagonjwa mahututi.

Kazi yenyewe

Kliniki, bingwa huyu huona wagonjwa wa pumu, kifua kikuu, makovu yanayobaki mapafuni hata baada ya dawa za TB kwisha, na mapafu yaliyochakazwa na sigara, vumbi la migodini au moshi wa kuni. Akishuku uvimbe, hupitisha kamera nyembamba puani au mdomoni hadi kwenye mirija ya hewa, akachukua kipande kidogo cha kupimwa maabara.

ICU ni kazi nyingine. Mashine ya kupumulia haitibu nimonia. Humpumulia mgonjwa huku dawa na mwili vikipambana. Tena ikisukuma hewa nyingi mno, inayajeruhi mapafu yaleyale. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa, kwa mapafu yaliyoumia vibaya, kutoa katika kila pumzi mililita 6 za hewa kwa kila kilo ya uzito badala ya 12 kulishusha vifo kutoka karibu 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. Na kilo hizo hazitoki kwenye mizani. Mtu akinenepa mapafu yake hayanenepi, kwa hiyo daktari huchukua futi kamba, akampima mgonjwa urefu palepale kitandani, ndipo akokotoe kilo hizo.

Fani ya wagonjwa mahututi ilipata sura yake Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, polio ilipowalemaza watu hadi misuli ya kupumulia. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alishauri wagonjwa watobolewe koo, wawekwe mrija na kusukumiwa hewa kwa mkono. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wakapokezana kuminya mifuko ya hewa usiku na mchana. Vifo vikapungua sana. Mpaka leo, katika nchi nyingi, ICU huongozwa na madaktari wa usingizi. Marekani ndiko mapafu na wagonjwa mahututi husomewa pamoja kwa kawaida.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yetu, haimo vitabuni: kukaa na ndugu wanaoamini kwamba mgonjwa akishawekewa mashine ndiyo basi tena. Wapo wanaotoka wakaenda nyumbani, wapo wasiotoka. Daktari huyaeleza yote mawili bila kuficha, na kesho yake huulizwa upya na shangazi aliyefika kwa basi la usiku.

Njia ya kuifikia

Tanzania, mwanafunzi husoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha tano na sita, kisha shahada ya udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo hospitalini mwaka 1, na shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani miaka 3. Ubobezi wa mapafu hufuata hapo, wakati mwingine nje ya nchi. Ni safari ndefu, na mzazi aijue mapema.

Nawe uliye kidato cha pili unayesita kuchagua fizikia, ichague: mgandamizo, ujazo na kasi ya hewa ndivyo utakavyovisoma kila siku kwenye kioo cha mashine ya kupumulia.