Jina la Kadi na Maana Yake: Kuchagua Kadi ya Waifai kwa Tarakilishi ya Linux

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi wanafunzi wa uzamili tuliuona ukweli wa kauli hii tulipochanga fedha kununua kadi ya waifai. Tarakilishi ya mezani tunayoitumia kwa pamoja huendeshwa kwa mfumo wa Linux, nayo ndiyo inayohifadhi ngano na mahojiano tuliyoyakusanya nyanjani. Rafiki alitutajia jina la kadi iliyomfaa. Tukaenda dukani, tukaitisha jina hilo, tukapewa. Tulipoichomeka, Linux haikuweza kuitumia. Kwa majuma mawili sura za tasnifu ziliwafikia wasimamizi zikiwa zimebebwa mfukoni. Makala haya yanakusudia kueleza kosa letu lilikuwa wapi na jinsi ya kuliepuka.

2.0 Jina kama homonimu

Katika semantiki tunafunzwa kwamba "kaa" ni homonimu: laweza kurejelea kiumbe wa baharini, kipande cha kuni kilichoungua, au tendo la kuketi. Umbo ni moja, maana ni mbalimbali. Majina ya kadi nayo yaweza kuwa vivyo hivyo. Tuchukue mfano wa TL-WN722N ya TP-Link, ambayo huchomekwa kwenye tundu la USB. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ilhali toleo la pili lilikuwa na chipu ya Realtek RTL8188EUS. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni kitajwa. Kinyume chake, kadi zenye majina tofauti zaweza kuwa na chipu moja, mithili ya visawe.

Linux haisomi jina lililoandikwa kwenye kasha. Husoma namba ya utambulisho wa kadi, kisha hutafuta kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na chipu. AR9271, kwa mfano, ilipata kiendeshi chake, ath9k_htc, ndani ya kiini cha Linux mwaka wa 2010. Kiendeshi kilichomo katika kiini husasishwa pamoja nacho. Kile kinachopakiwa kutoka nje huenda kikakwama kiini kinapobadilika.

3.0 Mambo ya kuzingatia

Kwanza, bainisha chipu na toleo kabla ya kulipa. Ukiruhusiwa kuijaribu kadi, amri lsusb huonyesha namba ya kadi ya USB, na lspci -nn huonyesha ya kadi inayofungwa ndani ya tarakilishi.

Pili, tazama umri wa kiini chako kwa amri uname -r. Intel AX200, kwa mfano, huhitaji kiini 5.1, kilichotolewa mwaka wa 2019, au kipya zaidi.

Tatu, chunguza ubao mama. AX200 hutumia njia ya PCI Express, hivyo hufanya kazi kwenye mbao za Intel na za AMD pia. AX201, ingawa majina yanakaribiana, hutegemea sehemu iliyojengwa ndani ya mifumo ya Intel yenyewe. Kwenye ubao wa AMD haifanyi kazi.

Nne, usisahau antena. Tarakilishi ya mezani ina kasha la chuma, na chuma huzuia mawimbi. Kadi ambayo antena zake zina waya wa kuziweka juu ya meza hufaa kuliko ile ambayo antena zake zimebanwa nyuma ya kasha, ukutani.

4.0 Hitimisho

Muuzaji hakutudanganya, alitupa tulichokitaja. Ni sisi wanasemantiki tuliosahau kuuliza maana. Kadi ya pili tuliinunua tukiwa na jina la chipu mkononi, na jioni hiyo ngano zetu zikawafikia wasimamizi. Anayejiandaa kwenda dukani, basi, na aulize swali tunaloliuliza kila siku darasani: jina hili, hapa, linarejelea nini?