Kuweka Picha Mahali Pake kwa Vitufe vya Mkato

Katika mada iliyopita ulijifunza kuingiza picha kwenye chapisho. Mada hii inahusu kazi inayofuata, ambayo huwapotezea watahiniwa alama nyingi katika mtihani wa vitendo: kuiweka picha hiyo mahali hasa inapotakiwa. Swali likisema nembo ikae milimita 15 kutoka ukingo wa juu wa karatasi, msahihishaji anaweza kuchukua rula na kupima. "Karibu na hapo" haina alama.

Kipanya kinafaa kuipeleka picha upande unaoutaka. Kwa hatua ya mwisho hakifai, maana mkono ukitetemeka kidogo tu, picha inaruka. Hatua hiyo ifanye kwa kibodi. Hapa tutatumia Adobe InDesign. Tofauti za PageMaker na Microsoft Publisher zimeelezwa mwishoni.

Kwanza: ni kitu gani kimechaguliwa?

Kitufe cha mshale husogeza kile kilichochaguliwa, basi. Kama kielekezi kinametameta ndani ya maandishi, vitufe vya mishale vitakihamisha kielekezi hicho, na kitufe cha V kitaandika herufi "v". Nimewahi kusahihisha kadi ya mwaliko iliyosomeka "Karibuni vvnyote", nikajua mara moja mwenye kazi alikuwa anatafuta nini. Dawa yake ni kubonyeza Esc kabla ya yote.

Ukiwa nje ya maandishi, V hukupa zana ya mshale mweusi, ambayo huchagua fremu pamoja na picha iliyomo. A hukupa mshale mweupe; ukibofya katikati ya picha kwa mshale huu, unachagua picha peke yake bila fremu. Ukiisogeza wakati huo, fremu inabaki palepale na picha inateleza ndani yake hadi sehemu yake moja inakatika. Mtahiniwa akiona kichwa cha mtu kimekatwa hudhani picha imeharibika, akaifuta na kuanza upya, na dakika kumi zimekwenda. Haijaharibika. Bonyeza Ctrl + Z, kisha V, uchague tena.

Kusogeza kwa hatua

Kila mbonyezo wa kitufe cha mshale husogeza kitu kwa hatua moja ndogo. Ukubwa wa hatua hiyo hupangwa kwenye mapendeleo ya programu. Tuseme kompyuta yako imewekwa milimita 0.25. Ukishikilia Shift, hatua inakuwa kubwa mara 10, yaani milimita 2.5. Ukishikilia Ctrl na Shift kwa pamoja, inakuwa sehemu ya kumi, yaani milimita 0.025, ambayo jicho haliioni ila ukikuza ukurasa.

Mfano: picha imezidi kulia kwa milimita 6. Bonyeza Shift + mshale wa kushoto mara 2 (milimita 5), halafu mshale wa kushoto peke yake mara 4 (milimita 1). Mibonyezo sita, kazi imekwisha. Bila Shift ungebonyeza mara 24, na ukikosea kuhesabu hujui umefika wapi.

Jihadhari na Alt. Katika InDesign, Alt + mshale hutengeneza nakala na kuisogeza nakala hiyo. Ukibonyeza mara kadhaa bila kujua, nembo zinalaliana na kwenye karatasi inaonekana nembo moja nene yenye ukungu.

Swali likitaja vipimo kamili

Hapo usihesabu hatua, andika namba. Ctrl + 6 hukupeleka kwenye paneli ya udhibiti iliyo juu. X ni umbali kutoka kushoto, Y ni umbali kutoka juu. Andika, bonyeza Tab kwenda kisanduku kinachofuata, malizia kwa Enter.

Lakini angalia kwanza vile viboksi tisa vidogo vilivyo mwanzoni mwa paneli. Vinaonyesha ni nukta gani ya picha inayopimwa. Chukua picha yenye upana wa milimita 40. Ukiandika X = 20 huku kiboksi cha katikati kimechaguliwa, ukingo wa kushoto wa picha utagusa ukingo wa karatasi. Kikichaguliwa kiboksi cha juu kushoto, picha itaanza milimita 20 ndani. Namba ni ileile, majibu mawili, na moja tu ndilo lenye alama.

Picha iliyofunikwa

Ctrl + ] huleta kitu mbele hatua moja, na Ctrl + Shift + ] hukileta mbele ya vyote. Kwa kurudisha nyuma tumia [ badala ya ]. Mambo yakishakaa sawa, chagua nembo na jina la shule kwa pamoja, ubonyeze Ctrl + G ili visiachane.

PageMaker na Publisher

Katika PageMaker, kinachozidisha hatua mara 10 ni Ctrl, si Shift. Katika Publisher, vitufe vya mishale husogeza kitu kilichochaguliwa, na kama kielekezi kimo ndani ya maandishi ya kitu hicho, tumia Alt + mshale. Hapo hakuna nakala inayotokea. Alt + F6 huleta mbele ya vyote, Alt + Shift + F6 hupeleka nyuma, na kuunganisha ni Ctrl + Shift + G.

Mazoezi (tumia InDesign, hatua ya milimita 0.25)

1. Nembo inatakiwa kupanda juu kwa milimita 8.5. Taja vitufe utakavyobonyeza na idadi ya mibonyezo iliyo michache kabisa. (alama 3)

2. Amina amesogeza picha. Fremu haikuhama na nusu ya picha imepotea. Eleza chanzo na namna ya kurekebisha. (alama 4)

3. Juma amechagua nembo moja akabonyeza Alt + mshale wa kulia mara 4. Sasa kuna nembo ngapi ukurasani? (alama 1)