Alama za Mabawa Zinazomtambulisha Nondo wa Kiwavijeshi Vamizi

Mahindi yanapochipua katika msimu wa masika na wa vuli, wakulima wa Muheza, Korogwe na Handeni huwaona nondo wa kijivu wakizunguka taa usiku. Si wote walio adui wa shamba. Nondo wa kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya bara la Amerika aliyegunduliwa barani Afrika mwaka 2016, hutambulika kwa alama za mabawa, ila dume na jike hawafanani.

Bawa la mbele la dume lina mchanganyiko wa kijivu na kahawia, pamoja na doa jeupe la pembetatu karibu na ncha. Bawa la jike ni la kijivu au kahawia, na alama zake hazionekani wazi. Mabawa ya nyuma ya wote wawili ni meupe yenye kung'aa, na ukingo wake ni mwembamba na mweusi.

Kwa kuwa jike huweza kufananishwa na nondo wengine, mkulima akague pia mimea yake. Jike hutaga mayai kwa mafungu juu ya majani na kuyafunika kwa manyoya. Kiwavi aliyekua ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia.

Anayeziona dalili hizi amwarifu mapema ofisa ugani wa kata. Kiwavi akishajificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja, dawa haimfikii kwa urahisi.