MWANDAMO WA RAMADHANI NA UMOJA WETU

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: Ndugu zetu Waislamu, kila Shaaban ikikaribia kwisha suala moja huturejea hapa Kipsongo: tufunge lini? Baba amefunga, mwana anakula; msikiti huu wasali tarawehe, ule wangoja. Basi na tulisome jambo hili kwa dalili.

KWANZA. Suratul Baqara, aya ya 185, yamwamrisha aliyeudiriki mwezi huu aufunge. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha tufunge kwa kuonekana mwezi, mawingu yakiuficha, tutimize Shaaban siku 30. Hapa petu Mlima Elgon umetukingama upande wa magharibi, na mwezi mwandamo hukaa chini na kuzama upesi. Kwa hivyo kutouona sisi si hoja ya kuwakanusha waadilifu waliouona Mombasa. Jua hutua huku baada ya kutua huko. Lau si mlima na mawingu, nasi tungeuona.

PILI. Je, mwezi wa nchi ya mbali? Hapa maulamaa wamehitilafiana tangu zamani. Imam Muslim amepokea kwamba Kuraib aliuona mwezi Sham usiku wa Ijumaa, na watu wa Madina wakauona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas hakuufuata mwezi wa Sham, akasema ndivyo Mtume alivyowaamuru. Kauli hii ndiyo waliyoishika Mashafii. Wengi katika Mahanafi, Wamaliki na Mahanbali wasema ukionekana pamoja watosha kwa wote. Basi wa kauli hii na wa ile wote wana dalili. Hapana wa kuitwa mpotevu.

TATU. Wako wafungao siku ya shaka wakisema ni tahadhari. Hiyo si tahadhari. Ammar bin Yasir amesema mwenye kuifunga amemwasi Mtume. Lililo wajibu ni kutia nia usiku, kabla ya alfajiri, habari ikithibiti.

Shauri letu ni hili: habari isichukuliwe kwa kila uvumi wa simu, bali tungoje tangazo la Kadhi Mkuu, tufunge pamoja na tufungue pamoja. Mtume ametufunza kwamba saumu ni siku wafungayo watu, na Idi ni siku wafunguayo. Mwenye rai nyingine asiigeuze kuwa ugomvi mimbarini. Kufuata kauli moja kati ya mbili ni jambo lenye wasaa. Kuwagawa watu wa kibla kimoja ni haramu isiyo na hitilafu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wallahu aalam.