Afya Yetu: Mgeni Anayevuka Ruvuma

Huenda umewahi kumpokea mgeni kutoka Ulaya aliyekwisha kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani, naye sasa anauliza njia ya kwenda Msumbiji kwa nchi kavu. Wengi wetu humweleza habari za mabasi tu. Leo tuangalie afya yake, kwani yanayotakiwa mpakani hayawezi kutengenezwa mpakani.

Kutoka Nangurukuru barabara hupita Lindi hadi Mingoyo, na hapo hugawanyika. Ya Mtwara humfikisha Kilambo, ambako mto huvukwa kwa chombo. Ya Masasi hupita Nyangao na Ndanda, penye hospitali za misheni, kisha huendelea hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Njia zote mbili huingia jimbo la Cabo Delgado, lililoshambuliwa na watu wenye silaha tangu Oktoba 2017. Zahanati nyingi za kule ziliharibiwa. Kwa hiyo kwanza aulize habari za usalama kwa wakubwa, wala asitegemee kutibiwa ng'ambo.

Chanjo ya homa ya manjano hukubaliwa baada ya siku 10. Kadi ya juzi haimsaidii! Tanzania na Msumbiji humdai kadi hiyo aliyetoka nchi yenye ugonjwa huo, Kenya ikiwamo. Tangu Julai 2016 kadi hutumika maisha yote, basi asikubali kuchanjwa tena eti kwa sababu miaka 10 imepita.

Adui mkubwa ni malaria. Mgeni hana kinga waliyo nayo watu wazima waliokulia pwani. Kama anameza doksisaiklini, aendelee wiki 4 baada ya kutoka nchi zenye malaria, na kuvuka Ruvuma si kutoka. Akipata homa, hata mwezi mmoja baada ya kufika kwao, apimwe damu siku ile ile na amweleze daktari alikopita.

Akingoja chombo asishuke majini kunawa miguu. Ruvuma ina mamba na viboko, na maji yaliyotulia kandokando yaweza kumpa kichocho.

Akiharisha, achanganye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kila atokapo chooni. Akiona damu, arudi hospitali iliyo karibu upande wetu, asivuke.