Uliza Kwanza, Rekodi Baadaye: Utafiti wa Upili na wa Msingi



Mwaka jana jumuiya yetu ilichapisha kijitabu cha kuwakaribisha wanafunzi wapya: kurasa 16, picha za rangi, nakala 200. Mimi nilikuwa kwenye kamati. Mpaka leo nakala nyingi zimo kwenye boksi chini ya meza yetu. Na mwezi wa tatu dada mmoja, mwanachama mwenzetu, alihama chumba na mwenye nyumba akakataa kumrudishia dhamana yake. Akanyamaza, maana hakujua haki yake. Kijitabu chetu kilikuwa na kurasa mbili za historia ya jumuiya, lakini kuhusu dhamana hakuna hata mstari mmoja. Jamani, hatukumwuliza mtu yeyote kabla ya kuandika!

Sasa tunaandaa kipindi cha sauti. Nimeombwa nieleze utafiti unavyofanyika, ili tusirudie kosa.

Sisi wahandisi kabla ya kumwaga zege tunasoma kwanza ramani za miamba na ripoti za waliojenga jirani. Halafu tunakwenda kiwanjani, tunachimba mashimo na kupima udongo wenyewe. Kusoma kazi ya wengine ni utafiti wa upili. Kuchimba mwenyewe ni utafiti wa msingi. Ukiandaa gazeti, filamu au kipindi, mambo ni hayo hayo.

1. Anza na utafiti wa upili

Ni rahisi na hauli pesa nyingi. Sikiliza vipindi vilivyopo: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957, huna haja ya kushindana nayo kwa habari za dunia. Tazama takwimu pia, lakini jiulize zilikusanywa kwa ajili gani. Mfano mzuri ni sensa ya Uingereza na Wales ya 2021. Iliuliza lugha kuu ya mtu, moja tu. Mwenzetu anayesoma kwa Kiingereza mchana kutwa na kupika huku akipiga soga kwa Kiswahili, huenda alijaza Kiingereza. Kwa hiyo hesabu ya waliotaja Kiswahili si hesabu ya wanaoweza kukusikiliza. Tena wengi wetu wakati ule hatukuwa hata nchini.

2. Kisha nenda kiwanjani

Hapa kuna hojaji, mahojiano, mazungumzo ya kikundi na kutazama watu wanavyofanya. Mimi hojaji yangu ya kwanza niligawa jikoni kwetu. Wote walikuwa wanaume, wote wahandisi. Swali lilikuwa: "Je, ungependa kipindi cha Kiswahili?" Wote wakasema ndiyo. Unadhani mtu atamkatalia rafiki yake? Jibu la adabu halikusaidii kitu.

Uliza mambo yaliyokwisha kutendeka: jana ulisikiliza nini, wapi, kwa muda gani? Nilipomwuliza hivyo dada anayesomea uuguzi, alisema husikiliza kwenye basi akitoka zamu, dakika 15 hivi. Sisi tulishapanga kipindi cha saa nzima! Na waulize watu wa aina mbalimbali: wa shahada ya kwanza, wenye familia, wasiokuja mikutanoni. Waeleze majibu ni ya kazi gani, waombe ridhaa, na majina yao usiyatoe.

3. Rudi tena maktabani

Kwenye mazungumzo ya kikundi jambo lililotajwa na karibu kila mtu lilikuwa dhamana ya nyumba. Lakini wengi walisema pia kwamba mwenye nyumba ana hiari ya kuiweka mfukoni mwake. Walikubaliana, na walikosea. Hapa England, kwa upangaji wa kawaida wa nyumba binafsi, sheria inamtaka aiweke chini ya mpango uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo, mpangaji anaweza kwenda mahakamani na kulipwa fidia ya kati ya mara moja na mara tatu ya dhamana. Mabweni ya chuo na vyumba vya kuishi pamoja na mwenye nyumba vina utaratibu mwingine.

Mnaona basi? Watu walitupa swali, vitabu vikatupa jibu. Ukishika kimoja tu, utasema ukweli usiohitajika, au utatangaza uongo unaopendwa.

4. Jaribu kabla ya kutoa

Rekodi dakika tatu, wasikilizishe watu watano, kaa kimya uwatazame. Anaposhika simu yake, andika ni sekunde ya ngapi. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Yule dada tulipomweleza habari za siku 30, alisema: "Kumbe! Mbona hamkuniambia?" Sikuwa na jibu. Sasa tunamsaidia kuandika barua ya madai, na kipindi cha kwanza kitakuwa juu ya dhamana. Dakika 15, basi.

Mwenye nafasi ya kusaidia mahojiano aje mkutano ujao. Kalamu tunazo, na karatasi tutaandika nyuma ya vile vijitabu.